Sekunde Ishirini na Moja

1

Niliingia majini wa kwanza, kama ilivyonipasa, na wanawake thelathini na wawili walisimama ufukweni wakinipigia makofi.

"Haya, Mwatima, tangulia!" Kazija alipaza sauti. "Utuangalizie kama wimbi lako limejificha kwenye mwani!"

Wakacheka. Nikacheka nao, maana ukinuna umewapa ya kusema wiki nzima. Hapa Mwambakuu desturi haina mjadala: aliyewatoa watu majini bure, siku watakayorudi huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Hakuna kikao wala matusi. Unatembea peke yako mpaka maji yakufike magotini, wenzako wanakuzomea kidogo, kisha wanakufuata na mambo yanakwisha. Mamdogo wangu, Bi Mize Pandu, mwenyekiti wa ushirika wa mwani, aliwahi kuingia wa kwanza mara mbili katika ujana wake, na mpaka leo anajisifia.

Yangu tu ndiyo hayakutaka kwisha. Tangu Alkhamisi sikuwa nakaa nikatulia. Nikiketi nasimama, nikisimama naenda dirishani, nikifika dirishani nasahau nilichofuata. Asubuhi hiyo nilitia chumvi kwenye chai, nikainywa yote ndipo nikagundua.

Alkhamisi ndiyo siku kuta zetu ziliposhinda zimesimama bure.

Mwamba wa kweli, ule uliokuwa ukituvunjia mawimbi, ulikufa kabla sijazaliwa na ukasagika ukawa mchanga. Badala yake tuna kuta: mabamba arubaini ya mpira mgumu yaliyolala chini ya bahari, mbele ya kijiji kizima. Ukiyajaza hewa yanasimama, taratibu, kwa muda wa saa tatu, na bahari kuu inabaki nje. Lakini yakisimama, maji ya ndani hayatoki wala hayaingii, na jua la siku hizi si la mchezo. Siku moja tu, mwani unapauka na kukatika. Ndiyo maana funguo ni mbili. Mmoja ninao mimi, mlinzi wa kituo cha bahari, na wa pili ni wa ushirika, Bi Mize anauvaa shingoni. Asipoafiki mmoja wetu, kuta zinalala.

Jumatano tuliafiki wote wawili. Nilimwambia kwamba Jumatatu usiku kumeripuka dhoruba kusini, kilomita elfu sita na mia tano kutoka hapa, kule ambako hakuna nchi wala mtu, na kwamba mawimbi yake yatatufikia Alkhamisi alfajiri. Tukapandisha kuta. Alkhamisi ikaja, bahari imelala kama maji ya beseni. Tulingoja mpaka alasiri, na nusu ya mwani ikaoza mbele ya macho yetu. Kazija peke yake alipoteza kamba arubaini.

Alasiri hiyo nilisimama mbele yao nikawasomea maneno ya Mfuasi, chombo kinachotufuatia mawimbi: "Wimbi namba 614 limezimika."

"Limefia njiani," nikawaambia. "Hatari imekwisha. Kesho Ijumaa pumzikeni, Jumamosi turudi kazini."

Hayo ndiyo maneno yaliyokuwa yakinizuia kutulia, ingawa wakati huo sikujua kwa nini.

2

Saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mpaka mwisho wake, maana lilikuwa bamvua kubwa, siku maji yanapokupwa na kujaa kupita kawaida. Wanawake wametawanyika kila mmoja kwenye shamba lake, wameinama, wanafunga vitawi vipya kwenye kamba. Mimi nilikuwa shambani kwa Kazija. Nilijitolea mwenyewe kumsaidia, na yeye hakunikatalia wala hakunishukuru.

"Funga kwa nguvu," alisema. "Hizo za kwako zinalegea kama ahadi zako."

"Nimekusikia, shoga."

Niliinama. Mbele ya pua yangu kulikuwa na kijiti kimefungwa taitai nyekundu, ile kamba laini tunayoshikia mwani. Maji yalikuwa chini ya fundo. Nikafunga kitawi kimoja, nikaangalia tena, maji yamefunika fundo. Nikadhani nimesogea. Nikaangalia tena, yako chini.

Hapakuwa na upepo. Uso wa maji haukuwa na hata mkunjo. Maji yalikuwa yakipanda polepole, kama chai inavyopanda kikombeni mtu anapokuongezea, kisha yakishuka vilevile bila kelele.

Nikatazama saa ya mkononi na kuhesabu. Kutoka fundo kufunikwa mpaka kufunikwa tena, sekunde ishirini na moja. Nikahesabu mara ya pili, ishirini na moja. Mara ya tatu nikakishika kijiti kisitikisike, ishirini na moja.

Mawimbi ya hapa kwetu, yanayozaliwa na pepo za karibu, hayazidi sekunde nane au tisa. La sekunde ishirini na moja linazaliwa na dhoruba kubwa tu, na ya mbali sana. Mawimbi yakitoka kwenye dhoruba moja huachana njiani: marefu hukimbia zaidi na hutangulia, mafupi hufuata. Kwa hiyo haya madogo yaliyokuwa yakicheza na taitai ya Kazija yalikuwa watangulizi. Wenyewe walikuwa nyuma.

Lakini dhoruba ipi? Hapakuwa na nyingine zaidi ya ile ya Jumatatu, na wimbi lake lilikwishazimika. Mfuasi alilifuata mwenyewe.

Mfuasi ni chombo kisicho na rubani. Huruka chini chini juu ya bahari ya kusini, huchagua wimbi moja, hulipa namba, na hulifuata bila kubandua jicho. Alipoletwa, maboya yote ya zamani yaling'olewa. Nani angetaka boya linaloripoti bahari imepanda, bahari imeshuka, wakati Mfuasi anakwambia wimbi lako liko wapi sasa hivi na linakwenda kwa kasi gani? Kilomita mia moja na kumi na mbili kwa saa, ndivyo alivyonionyesha. Tarakimu kubwa za kijani, zimetulia, za kupendeza. Nikachukua masafa nikagawa kwa mia na kumi na mbili, nikapata saa hamsini na nane. Alkhamisi alfajiri.

Pale pale, maji magotini, nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza chuoni. Nilikumbuka mpaka rangi ya kitabu. Kwenye bahari yenye kina kirefu, wimbi moja moja hukimbia mara mbili ya kundi lake. Huzaliwa nyuma ya kundi, hulipita lote, hufika mbele na kufa, na nyuma jingine linazaliwa. Wimbi moja si safari. Kinachosafiri ni kundi, na kundi linakwenda nusu.

Niliulizwa swali hilo kwenye mtihani na nikalipata.

Nusu ya mia na kumi na mbili ni hamsini na sita. Saa hamsini na nane mara mbili ni mia moja na kumi na sita. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea, kuanzia Jumatatu saa mbili usiku. Jumamosi, saa kumi alasiri. Leo. Na maji ya bamvua yanajaa saa kumi na nusu.

Kuta zililala chini, na watu walikuwa majini kwa neno langu.

3

Niliita makao makuu kwa redio niliyoivaa shingoni. Alipokea Bwana Ngwali, mkuu wa vituo vyote saba vya pwani, mtu mpole ambaye sijapata kumsikia akiinua sauti. Nikamweleza kwa pumzi moja.

Akasema, "Mwatima, vituo vingine sita vilichukua hesabu yako ilivyo."

"Najua, bwana."

"Na wote wamewarudisha watu majini."

"Najua."

"Sasa sikiliza. Ukisema umekosea, leseni yako nitaifuta mimi, sipendi lakini ndiyo kanuni. Na nani atakusikiliza? Juzi umesema linakuja, halikuja. Sema Mfuasi kaona dhoruba nyingine. Watu watatoka, kuta zitapanda, na hakuna atakayeuliza. Mimi nitavipelekea vituo waraka wa hitilafu ya mtambo."

"Waraka utachukua muda gani?"

"Unahitaji saini mbili. Mwenye ya pili yuko safarini."

Sitaki kujipamba: nilifurahi. Nilikuwa nimepewa mlango wa kutokea, na ulikuwa mlango mzuri, kwa sababu mwisho wake watu wanatoka majini. Hilo si ndilo nililolitaka? Nikajiambia uongo unaookoa roho za watu hauna mwenyewe. Nikakata redio, nikaanza kukimbia kwenye maji kuelekea kwa mamdogo, nikianguka na kuinuka.

4

Bi Mize alikuwa amekaa kwenye beseni lake lililopinduliwa, anapumzisha mgongo. Alinitazama nilivyolowa mpaka kichwani.

"Una nini, mwanangu? Umechomwa na mwiba wa samaki?"

"Mamdogo, Mfuasi ameona dhoruba nyingine. Tuwatoe watu. Tupandishe kuta."

Wanawake waliokuwa karibu waliinua vichwa. Kazija alikuwa amenifuata, mkono kiunoni.

"Nyingine?" Bi Mize aliuliza. "Ya wapi?"

"Kusini, kulekule."

"Imeonekana lini?"

"Sasa hivi. Nimetoka kuongea na Bwana Ngwali."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Nikaona uso wake umelainika na nikajua ameniamini, na nikapumua. Kisha akasema, "Basi hatuna haraka."

"Vipi hatuna haraka?"

"Wewe si ndiye uliyetufundisha pale skuli, jioni zote zile? Dhoruba ya kule kusini wimbi lake huchukua siku mbili, siku tatu. Imeonekana leo, haiwezi kufika kabla ya Jumatatu." Alifunga kanga yake vizuri akasimama. "Leo tumalize kufunga. Kesho tuvune uliokomaa. Kesho jioni tupandishe, bila kuua hata kitawi. Ahsante kwa kutuwahi safari hii."

"Ahsante, Mwatima!" Kazija alisema, na safari hii hakuwa akinitania. "Umejifunza."

Niliwafundisha vizuri mno. Hakuna dhoruba mpya duniani ambayo wimbi lake lingeweza kufika saa kumi ya siku ileile, na wote walijua hivyo. Ili liwe la leo, lazima liwe lilelile. Na ili liwe lilelile, lazima niseme nilikosea.

Nyuma yao, kwenye kila kijiti, maji yalipanda na kushuka.

"Nimesema uongo," nikasema.

Walikuwa wamekwisha kunipa mgongo. Nikarudia kwa sauti. "Nimesema uongo! Hakuna dhoruba nyingine. Ni ileile ya Jumatatu. Haikuzimika. Nilikosea hesabu, na inafika leo saa kumi."

5

Sikumbuki nani alipiga kelele kwanza. Namkumbuka Kazija, kwa sababu alinishika bega na vidole vyake vikaniuma.

"Alkhamisi linakuja. Alkhamisi hiyohiyo limekufa. Leo dhoruba mpya. Sasa limefufuka! Unatuona sisi nani, Mwatima? Wanasesere?"

"Mnakumbuka msafara wa beni, matarumbeta na ngoma, kwenye harusi ya mwanawe Bi Tatu?" nikauliza.

"Anatuletea harusi!"

"Mwacheni aseme," Bi Mize alisema.

"Vijana si walikuwa wakitoka nyuma wakicheza, wanawapita watu, wanafika mbele kwenye matarumbeta, wakichoka wanaachia pembeni? Na wengine wanatokea nyuma tena? Wachezaji walikuwa mbio. Na beni yenyewe ilifika saa ngapi kwa bwana harusi?"

"Ilitakiwa saa tatu, ikafika saa sita," mtu mmoja alijibu. "Wali ulipoa."

"Mfuasi alimwandama mchezaji mmoja. Mimi nikachukua mwendo wa mchezaji nikadhani ndio mwendo wa beni. Na mchezaji alipochoka akaachia, Mfuasi akasema amezimika, nami nikawaambia harusi imevunjika. Haikuvunjika. Iko njiani, inakuja polepole. Kosa si la mtambo. Ni langu, na nilisoma nikajua, nikasahau kwa kupenda tarakimu."

Hakuna aliyesogea kwenda kukusanya vyombo vyake. Nilisema mambo mengi, na maneno yangu wiki ile yalikwisha kuharibu nusu ya mwani wao.

Bi Mize hakuniangalia. Alikwenda kwenye kijiti kilicho karibu, akachomoa taitai kutoka kiunoni, akaifunga usawa wa maji. Akasimama anaitazama. Maji yakaifunika.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu."

Wengine wakasogea. Kufika kumi walikuwa wakihesabu wote, na kufika ishirini sauti zilipungua. Maji yakaifunika tena kwenye ishirini na moja.

"Tena," Bi Mize alisema.

Ishirini na moja.

Kazija aliniachia bega. Akaenda kwenye kijiti chake mwenyewe, mbali na chetu, akahesabu peke yake midomo ikimtikisika. Tulimngoja. Aliporudi hakusema amefika ngapi. Alichomoa kisu cha kukatia mwani na kuanza kukata kamba zake zilizobaki, kubwa kwa ndogo, akizitupa kwenye gunia. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

Bi Mize aliuvua ufunguo shingoni. "Kila mtu akate anachoweza kwa nusu saa, halafu nje. Watoto na wagonjwa wapelekwe msikiti wa juu." Akanigeukia. "Wewe utatoka wa mwisho. Hilo halijabadilika."

6

Kuta zilianza kupanda saa tano na nusu. Wakati pampu zinanguruma, nilisimama majini, wa mwisho, nikafungua masafa ya wazi ambayo vituo vyote husikia, na wavuvi, na yeyote mwenye redio. Bwana Ngwali angenisikia pia. Nilijua ninachokifanya.

"Hiki ni kituo cha Mwambakuu. Anayesema ni Mwatima Vuai, niliyewapa hesabu ya wimbi 614. Nimekosea. Mtambo haukukosea, mimi nimekosea. Nilichukua kasi ya wimbi moja badala ya kasi ya kundi. Linafika leo saa kumi, pamoja na maji ya bamvua. Msinisadiki mimi. Ingieni majini mpaka magotini, fungeni alama kwenye kijiti, mhesabu. Mkipata ishirini au zaidi, watoeni watu."

Nikarudia mara saba. Vituo vitano viliitikia. Kituo cha Ras Mkungu hakikuitikia. Sauti ya Bwana Ngwali ilikuja mwishoni, chini kabisa: "Ushajimaliza, Mwatima."

Saa kumi kasorobo tulikuwa wote msikitini juu. Mbingu nyeupe pee, hakuna upepo, kuku wanapekua. Ungemleta mgeni angesema tumepatwa na wazimu. Kisha mstari wa bahari ukapinda. Haukuja na povu wala kishindo, bahari nzima iliinuka tu, ikatembea, na ilipofika kwenye kuta ndipo tuliposikia. Ardhi ilitikisika chini ya nyayo zetu. Maji yalirushwa juu kuliko minazi, yakarudi, na kabla hayajatulia likaja la pili. Nilihesabu. Ishirini. La nne lilipasua bamba la thelathini na moja, likaingia, likachukua vichanja vyote vya kuanikia na ghala la ushirika na nyumba mbili za pwani, zote tupu. Mwani uliobaki uling'oka wote. Hapakuwa na mtu majini.

Bi Mize alinishika mkono hakuuachia mpaka jua lilipozama.

Niliendelea kuita Ras Mkungu. Saa kumi na mbili na robo alijibu mwanamke nisiyemjua, sauti imemkauka.

"Mlingoti wa kusemea ulikuwa umeanguka, kusikia tunasikia. Tulikuwa majini watu hamsini. Fundi wetu alisema tusubiri, kama ni hitilafu ya mtambo ataipima kwanza. Halafu tukakusikia ukisema si mtambo, ni wewe. Akasema, basi hapo hakuna cha kupima." Alikohoa. "Tukahesabu. Tukatoka."

Nilikaa chini palepale kwenye ngazi za msikiti na kulia kwa sauti kama mtoto.

7

Leseni ilifutwa wiki hiyohiyo, kwa barua yenye saini mbili.

Bamvua lililofuata nilikwenda ufukweni nikitaka kuingia wa kwanza. Kazija akanizuia. Alisema adhabu ya kuwatoa watu bure nilikwisha kuitumikia, tena haikuwa bure, maana wimbi lilikuja, kwa hiyo walinionea. Lakini kwa aliyewarudisha watu majini kabla ya wakati, desturi haikuwa na neno, kwa kuwa haijapata kutokea. Basi walikaa, wakabishana asubuhi nzima mwani ukiwangoja, na wakatunga moja.

Atasimama kwenye kijiti cha mbele, mbele ya mashamba yote, na atahesabu kwa sauti, kutoka wimbi mpaka wimbi, muda wote watu wakiwa majini. Ataacha watakapomwambia aache.

Sauti yangu imekuwa ya kukwaruza. Usiku nikilala nahesabu, nikiamka nahesabu, na sijui tena kutulia kukoje. Saba. Nane. Nyuma yangu wanawake wameinama, wanafunga vitawi, wanasengenya, na ninapofika tisa na kuanza upya hakuna anayeinua kichwa. Nikipita tisa wote wananyamaza.

Huu ni mwaka wa tatu. Hawajaniambia niache.